Kuonja Si Kula

Kijiko kilitangulia kuanguka. Nilikisikia kikigonga sakafu ya saruji, kikadunda mara moja, kikanyamaza chini ya jiko, nami nikasema bila kugeuka, "Umeshaanza kuzeeka, hata kijiko kinakushinda." Kwa kawaida angenijibu papo hapo. Mume wangu hakuwa mtu wa kuliacha neno langu lipite hivihivi.

Siku hiyo hakujibu. Nilipogeuka, kitunguu mkono huu na kisu mkono huu, nilimwona ameegemea ukuta, uso umempauka, anateremka polepole kama mtu anayepapasa kiti gizani. Alifika chini, akanyoosha miguu, akanitazama.

"Umeanguka," nilimwambia.

"Sijaanguka. Nimekaa."

Huyo ndiye alikuwa yeye. Nilimgusa kipaji cha uso, kikawa cha baridi na kimelowa. Jikoni kwetu tulitoka jasho la moto kila siku ya Mungu, lakini jasho la baridi sikuwahi kuliona. Supu ilikuwa inachemka, maharage yanadai maji, na huko nje mafundi wa karakana ya jirani walikuwa wameshakaa mezani wakigonga vikombe kwa utani. Nilizima majiko yote. Tangu tufungue mgahawa wetu sikuwahi kuzima jiko chakula kikiwa hakijaiva.

Fundi wa matairi, mteja wetu wa siku zote, ndiye aliyetupakia kwenye pikapu yake. Njiani mume wangu alinivuta sikio karibu akaninong'oneza kwamba tangu juzi choo chake kilikuwa cheusi. Cheusi kama lami, alisema, ila alidhani ni maharage.

"Maharage gani yanageuka lami?" nilimuuliza, naye akafumba macho.

Niliogopa. Nimetafuta maneno mazuri zaidi ya kulisema hilo, na miaka yote sijayapata. Niliogopa kumpoteza, na nilimkasirikia kwa kunitia hofu ile mbele ya fundi wa matairi.

Watu walimwita Kijiko. Mimi nami nilimwita hivyo nikiwa na raha naye. Nikiwa nimekasirika nilimwita "baba", na alijua tofauti. Jina lilitokana na kijiko kidogo cha chuma alichokichomeka mfuko wa shati, mpini ukichungulia nje kama kalamu ya mwalimu. Kando ya jiko aliweka kikombe cha maji ya moto. Anaonja, anakisuuza, anakipangusa, anakirudisha mfukoni, na kabla hujamaliza kusema "nipe karoti" ameshakitoa tena. Alionja vitunguu vikianza kulainika. Alionja nyama ikiwa mbichi nusu. Alionja chai, ambayo ilikuwa chai tu, majani na maji.

Na chumvi alitia yeye peke yake. "Chumvi haitaki wazazi wawili," alikuwa akisema. Mimi niliyekata vitunguu vya nyumba ile miaka nenda rudi sikuwahi kupewa hata chembe ya kunyunyiza. Mara nyingi nililicheka hilo. Siku nyingine lilinikera, nikakata vitunguu vinene makusudi, na aliviona, na hakusema.

Kiungulia kilimjia taratibu. Kwanza alianza kujigonga kifua kwa ngumi akicheua maji machungu. Kisha akawa analala ameegemea mito mitatu kama mfalme, na hata hivyo hakulala. Alijikaza kisabuni, akisema ni uchovu, ni joto la jiko, ni mimi na maneno yangu, mpaka nikamkokota kliniki. Akaandikiwa dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, vile vidonge vya ganda laini, nusu nyeupe nusu rangi ya waridi. Mfamasia aliyetuhudumia alitueleza kupitia kidirisha chenye nondo: kimoja asubuhi, kizima, kwa maji, nusu saa kabla ya kula, na vikiisha arudi aonekane tena. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu na mtoto wa mtu alikuwa analia. Mume wangu aliitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Kichwa kile kikiitikia namna hiyo, ujue mwenyewe ameshaamua lake.

Majuma yakapita, kiungulia hakikupita. Alianza kunywa viwili badala ya kimoja, kwa amri yake mwenyewe. Alikonda mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. "Dawa za siku hizi hazina nguvu," alilalamika, na vilipoisha hakurudi kliniki kama alivyoambiwa. Alikwenda kununua vingine. Kila asubuhi nikiwa nafunga aproni nilisikia kile kinu chake kidogo cha pilipili manga kikigongwa stoo, tok, tok, tok. Nilijua anasaga pilipili. Mpishi akisikika anatwanga, nani atauliza anatwanga nini?

Hospitali walimwongezea damu. Wakampitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni, wakakuta kidonda tumboni, na kidonda kilikuwa kinavuja. Walitafuta pia vijidudu vinavyosababisha vidonda vya tumbo, hawakuviona. Siku ya pili daktari alikuja kusimama kando ya kitanda chake. Alikuwa msichana wa rika la binti yetu, miwani ameipandisha kichwani, na alikuwa na tabia niliyoipenda: akiuliza swali, ananyamaza mpaka lijibiwe.

"Baba, ile dawa ya asidi ulikuwa unainywaje?"

Mume wangu, ambaye tangu jana yake alikuwa amelala kama nguo iliyofuliwa, alijiinua kwenye mto. Alikuwa ameulizwa namna ya kuandaa kitu. Hilo lilikuwa jambo lake.

"Nalifungua ganda," alisema. "Ndani mna chembe ndogondogo, ngumu. Nazitia kwenye kinu, nazisaga mpaka ziwe unga laini kabisa, usisikie punje hata moja ukipitisha kidole. Halafu naukoroga kwenye maji ya uvuguvugu."

Tok, tok, tok. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikahisi masikio yananiwaka.

"Nani alikuambia uzisage?" daktari akauliza.

"Hilo halihitaji kuambiwa, mwanangu. Pilipili manga ukiitia nzima chunguni inakaa tu kama changarawe. Ukiisaga ndipo inatoa nguvu yake."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti kingine akakaa, na nikaona kwamba amelifikiria jibu lile kwa heshima. "Kwa pilipili ni kweli," alisema. "Lakini hizi chembe zimevishwa ganda makusudi. Asidi ya tumbo inaiharibu dawa hii. Ganda linaivusha salama mpaka kwenye utumbo, huko inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka kwenda kuituliza asidi. Ukiisaga, asidi inaikuta uchi, inaimaliza palepale."

Mume wangu alitazama dripu ikidondoka. "Kwa hiyo nimekuwa nikinywa chokaa."

"Hukuwa mbali na chokaa."

"Hata nilipoongeza vikawa viwili?"

"Chokaa maradufu, baba. Na hata vingekuwa vizima, kuongeza si kazi yako. Ukiona dawa haisaidii, hiyo ni habari ya kumletea daktari. Kiungulia kisichosikia dawa kina sababu, na sababu haitafutwi kwa kuongeza vidonge." Akageuza ukurasa. "Ukishakunywa, unakula baada ya muda gani?"

"Mimi nakula mchana, wateja wakishaondoka."

"Kabla ya hapo huli kitu?"

"Sili kitu."

Hapo nilicheka. Nilicheka wodini, watu wamelala, muuguzi akanigeukia. "Daktari, huyu anakula tangu jua halijatoka. Kijiko hakimtoki mdomoni. Akipiga mwayo kinaonekana."

"Kuonja si kula," mume wangu alisema, na aliudhika kweli. Kwake ile ilikuwa kanuni ya kazi. Alikuwa ameijenga heshima yake yote juu ya maneno hayo matatu: mpishi haonekani anakula jikoni, mpishi anaonja.

"Tumbo halina habari hiyo," daktari alisema. "Likipata kijiko cha mchuzi limeshaanza kazi. Dawa inatakiwa itangulie, ikute tumbo tupu, ipewe nusu saa, ndipo chakula kifuate. Chakula chochote, hata cha kwenye ncha ya kijiko." Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna."

Alijibu upesi. Lakini mimi niliuona mkono wake. Ulikuwa juu ya shuka, ukateremka wenyewe ukalifunika goti.

"Baba," nilimwambia.

Aliuondoa mkono kwenye goti. "Zipo za magoti," alisema mwishoni. "Ziko kwenye kopo la mdalasini."

Kusimama juu ya saruji tangu asubuhi mpaka jioni kulikuwa kumeyala magoti yake, nami nilijua yanamuuma, ila sikujua kwamba alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kila siku, vile vikali, kama mtu anayetafuna njugu. Daktari alimweleza kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimchimba tumbo. Kila siku alichimba shimo kwa mkono wa kulia, akajaribu kulifukia kwa mkono wa kushoto, na udongo wa kufukia alikuwa ameshausaga ukapeperuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ilinijia mpaka kwenye ulimi nikaimeza, kwa sababu kifo kilikuwa kimesogea karibu mno kukitajataja.

Tukarudi nyumbani na masharti. Vile vya magoti vikatupwa. Badala yake dawa nyingine nyepesi aliyoandikiwa, na kigoda kirefu cha kukalia jikoni. Kidonge cha asidi, asubuhi kimoja, kizima, asikifungue, asikitafune, kwa muda aliopangiwa na si zaidi bila kuonekana. Choo kikirudi kuwa cheusi, akitapika damu, chakula kikimkwama kooni, au akizidi kukonda, asingoje siku ya kliniki, aje hospitali siku ileile. Daktari aliniambia mimi, si yeye, na mume wangu akanuna njia nzima.

Asubuhi ya kwanza alisimama na glasi ya maji akikitazama kile kidonge kama mtu aliyeambiwa ameze kifungo cha shati. Akakimeza. Akashika mfuko wenye kijiko.

"Nipe," nilimwambia, mkono nimeukunjua.

"Nitakaa nacho tu."

"Na mvuta sigara husema atakaa nayo tu."

Alinipa. Nilikitia kwenye mfuko wa aproni, na nakiri kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Yeye akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma ya jiko, pale tulipoanika masufuria, uso ameuelekeza ukutani kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nami nikabaki na chungu. Nilikuwa nimepika na mtu yule zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikujua supu yetu inataka chumvi kiasi gani.

Ya siku ile ilitoka kama maji ya kuogeshea mtoto. "Shemeji," fundi wa matairi aliniita kwa upole, "leo chumvi imesafiri?" Kesho yake nikarekebisha mpaka ikawa haimezeki. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, mlango uko wazi, mvuke unamfikia. "Imezidi," alisema bila kunyanyuka. Sijui alijuaje. Niliongeza maji, nikatumbukiza viazi, na watu wakala kimya kimya kama msibani. Wawili watatu wakaanza kula kwingine.

Hiyo ndiyo iliyomkondesha moyo, nilimwona. Maumivu aliyavumilia. Sifa ya chungu chake kupotea hakuweza. Kila asubuhi benchi lilizidi kumchoma, na kila asubuhi alikaa upande wa mlango zaidi kidogo.

Halafu ikaja siku ya wageni wa karakana. Mwenye karakana alikuwa ametuagiza chakula cha watu wengi kuliko wote tuliowahi kuwapikia kwa mara moja, nasi tulikuwa tumewasha majiko mapema. Mume wangu alikuwa amemeza kidonge chake muda mfupi tu uliopita. Nilikuwa nimeinamia kapu la vitunguu nikasikia kifuniko cha chungu kikubwa kikiinuliwa. Alikuwa amesimama pale, mwiko wa mbao mkononi, umeshachota, mvuke unampanda usoni.

"Weka chini," nilimwambia.

"Tone moja."

"Weka chini, baba."

"Hujui ninachokijua mimi," alisema. Sauti yake haikuwa ya ubishi. Ilikuwa ya mtu anayeogopa, na sikuwahi kumsikia akiogopa, hata ndani ya pikapu. "Chungu hiki kikiharibika, hakuna atakayerudi."

Nilikwenda nikasimama kati yake na jiko. Moto uliniunguza mgongo. Nilitaka kumkumbusha daktari, na kidonda, na damu za watu alizoongezewa, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Supu ikiharibika nitapika nyingine," nilisema. "Wewe nitakupika wapi?"

Alibaki ameshika ule mwiko. Mchuzi ulikuwa unadondoka kwenye sakafu na kwenye kiatu chake. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na machozi yalikuwa yameshafika. "Waende wote. Wakale kwingine mpaka wavimbiwe. Mimi nataka wewe uwe hai, ndiyo hivyo, sina hekima nyingine. Nenda ukakae."

Aliurudisha mwiko kwenye sinia. Akaenda kukaa. Nilifunika chungu, nikapunguza moto, nikajipangusa uso na vitunguu vikasingiziwa, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya chakula kikiwa jikoni: nikatoka nikakaa naye.

Alipangusa kwanza mchuzi kwenye kiatu chake. Halafu akanisimulia. Alipokuwa kijana, kabla hajanijua, alikuwa msaidizi kwenye jiko la harusi moja kubwa. Mpishi mkuu alitia chumvi chunguni, akatoka. Yeye akaja, akaona chungu kimeiva, akadhani hakijatiwa, naye akatia. Hakuonja. Walipopakua, bibi harusi alikuwa wa kwanza kupeleka mkono mdomoni, na wa kwanza kuutoa. Chakula chote kilimwagwa nyuma ya ukumbi, na mama wa bibi harusi alisimama pale akitazama kinavyomwagwa, hakumgombeza mtu, alitazama tu. Siku ile ndiyo alinunua kijiko.

"Hukuniambia," nilisema.

"Tungeongea wakati gani? Sisi tuko motoni siku zote."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumelea watoto, tumezika wazazi, tumelisha mtaa mzima, na maneno mengi tuliyoambiana yalikuwa "nipe karoti". Nilikitoa kijiko mfukoni nikakishika mbele yake. "Basi nifundishe," nilimwambia. "Nitaonja mimi, wewe uniambie natafuta nini."

Akanifundisha palepale kwenye benchi, bila tone kumgusa ulimi. Usionje mchuzi wa moto sana, ulimi unadanganyika. Usionje juu ya chungu tu, koroga, onja cha chini. Ukionja mara ya kwanza ukaona pungufu, subiri, vitunguu bado havijasema vyote. Nilikwenda ndani, nikaonja, nikarudi kumweleza, akauliza, nikaenda tena. Tulipowapakulia wageni nilisimama nyuma ya mlango nikishika aproni kwa mikono miwili. Fundi wa matairi alichota, akameza, akanyanyua macho kututafuta. "Leo chumvi imerudi safarini," alisema, akainamia sahani.

Tangu hapo nusu saa ile ikawa yetu. Tulijifunza kupika kwa kuigeuza kazi: tulianza na vitu vinavyojichemkia vyenyewe, moto mdogo, kisha tukatoka. Alimeza kidonge, akaweka glasi chini ya benchi, tukakaa. Wakati mwingine tuliongea habari za watoto. Wakati mwingine alinitania vitunguu vyangu vinene, kumbe aliviona vyote tangu mwaka wa kwanza. Wakati mwingine tulitazama masufuria yakikauka. Unene ulimrudia, akaufunga mkanda kwenye tundu la zamani, na akalala usiku kwa mto mmoja kama watu.

Siku moja fundi wa matairi alikuja nyuma, akijigonga kifua kwa ngumi. Alikuwa amesikia Kijiko ana vidonge vya ajabu. Aliomba viwili tu vya kujaribia.

"Vya kwangu nimeandikiwa mimi," mume wangu alimwambia. "Wewe hujui hata kinachokuchoma ni nini. Nenda wakakupime."

"Kiungulia ni kiungulia, ndugu yangu."

"Hata mimi nilisema hivyo. Kisha nikakaa chini, ukanibeba kwenye pikapu." Alimtazama mpaka yule akaacha kucheka. "Na ukipewa, usivisage."

Leo jiko ni la binti yetu. Mume wangu hayupo. Aliondoka miaka mingi baada ya hayo, kwa maradhi ya kifua, si ya tumbo, kitandani kwake mwenyewe. Kijiko ninacho. Ncha yake imelika upande mmoja kwa midomo ya watu wawili, na binti yangu hukicheka kwamba hakichoti tena kitu. Watu wakinikumbusha habari zake, hudhani nitazungumzia siku aliyoanguka. Mimi huikumbuka zaidi nyingine, ambayo hakuna kilichotokea.

Tulikuwa tumekwenda kliniki. Daktari, miwani kichwani kama kawaida, alisema kidonda kimepona na dawa itapunguzwa kidogokidogo hadi iishe, kwa kuwa si ya kukaa nayo milele kama haina sababu. Kiungulia kinaweza kujirudisha siku chache kumjaribu, alisema, asitishike akakimbilia dukani, ila kikikaa arudi. Magoti yaendelee na dawa yake nyepesi. Mume wangu alisikiliza bila kuitikia kwa kichwa hata mara moja, na kwa hiyo nilijua amesikia.

"Na ile nusu saa?" aliuliza.

"Ukiisha mkebe wa dawa, imekwisha na yenyewe. Utaonja ukitaka, baba."

Mkebe ukaisha. Asubuhi iliyofuata niliamka na uzito ambao nilijua ni wa nini na nilijionea haya. Nilipaswa kufurahi. Nilikisugua kijiko, nikakiweka kando ya jiko karibu na kikombe cha maji ya moto, mahali pake pa zamani. Nikawasha moto, nikaweka supu. Kwa mazoea nikajaza glasi ya maji, ndipo nikakumbuka, nikaiacha hapo mezani.

Alikuja amevaa shati safi. Alikiona kijiko. Alisimama kidogo mbele yake. Kisha akaichukua glasi, akapita nayo jikoni mpaka nje, nikasikia benchi likilia.

Nilikwenda mlangoni. "Dawa imekwisha," nilimwambia.

"Najua."

"Basi njoo uonje."

Alikunywa maji yake polepole, akaiweka glasi chini ya benchi, akasogea kuacha nafasi. "Onja wewe," alisema. "Halafu uje ukae."

Nikarudi ndani, nikakoroga, nikachota cha chini, nikakipuliza. Ilikuwa inataka chumvi kidogo. Nikaiacha kwanza, nikaenda kukaa.